Jumba la Mitindo Mitano pale Mpemba

Nikodemo alikuwa amelilinda jumba la sanaa la mji mdogo wa Mpemba, karibu na mpaka, kwa miaka ishirini na miwili, na hakuna aliyewahi kumuuliza limejengwa kwa mtindo gani. Watu waliuliza choo kiko wapi.

Sasa akaja Fausta, mtaalamu wa majengo ya kale, na fomu mkononi. Jumba likiandikishwa kuwa urithi, linabaki. Lisipoandikishwa, linabomolewa ili malori yanayosubiri kuvuka mpaka yapate pa kuegesha. Tayari watu wa barabara walishapita na rangi nyekundu wakachora X kwenye kila ukuta, hata wa stoo, kwa bidii ambayo mashimo ya barabarani hayajawahi kuiona.

Tabu ni kwamba fomu ilikuwa na nafasi ya mtindo mmoja tu. Mbele palikuwa na matao ya Wajerumani. Ubavuni Mhindi mmoja aliongeza baraza la nguzo za mbao. Waingereza wakaezeka paa, wamisionari wakaweka madirisha ya kanisa, na mwaka juzi kamati ikafunga geti la vichwa vya simba, ambalo Nikodemo alilipenda kuliko vyote.

Fausta alizunguka mara tatu. Alisema kanuni inataka mtindo uonekane kwenye kuta zote, na hapa hakuna hata mmoja unaovuka kona. Nikodemo akajibu kwa unyonge kwamba hata yeye baba yake ni Mnyiha, mama yake Mnamwanga, amelelewa misheni, na hakuna aliyewahi kusema abomolewe.

Fausta akatazama ukuta huu, akatazama ule, akaanza kuandika.

"Mzee wangu, upo mmoja uliopo kwenye kuta zote," alisema. "Mtindo wa X."

Jumba likaandikishwa. Cheti kikaagiza kwamba mtindo usifutwe, na ukififia, mlinzi aukoleze.

Mwezi uliofuata likaja buldoza, na amri ya kubomoa kila chenye X. Dereva wake, Enoka, alimkuta Nikodemo juu ya ngazi, brashi mkononi, machozi yanamtoka. Akasoma cheti, akasoma amri yake, akakuna kichwa.

"Sisi haturuhusiwi kuanza mpaka wachora alama wamalize," alisema. "Wewe unamaliza lini, mzee?"

Nikodemo akaichovya brashi taratibu sana.

Anapaka mpaka leo. Kila akifika stoo, mvua inakuwa imeshafifisha X ya mbele, naye anashukuru Mungu, anahamisha ngazi.