Filamu Niliyoizima

Nilibonyeza rimoti, picha ikaganda pale pale Bikira Maria alipokuwa amefumbata majani ya zizini, uso umelowa jasho, analia kwa uchungu wa kuzaa. Sebuleni kwangu Keko walikaa wanajumuiya tisa, na mke wangu Noela kwenye kiti cha mbele kabisa.

"Filamu ina makosa hiyo," alisema Mama Eufrazia, mkubwa kuliko sote. "Mama Maria hakulia hivyo. Wametengeneza walokole hao."

"Mtoto haji kimya kimya, bibi," alisema Benjamin, ambaye hata msibani hakosi utani.

Wakavutana, kisha wote wakanigeukia mimi, katekista wao.

Filamu ile niliitafuta mwenyewe. Miezi miwili kabla, Noela alijifungua mtoto wa kiume aliyeishi siku mbili. Nesi alimbatiza Gaspar kwa maji ya chupa. Jeneza nililitengeneza kwa mikono yangu, mimi ninayetengeneza makabati ya watu, na nikakosea kipimo, likawa kubwa. Tangu hapo Noela hakuwa na la kusema na mtu ila na Mama Maria. Akifua anamsimulia, akimenya vitunguu anamsimulia. Zamu ya jumuiya kusali kwetu ilipofika, nikaona tukimaliza rozari tutazame filamu ya huyo mama, labda mke wangu atapata faraja.

Na alikuwa anaipata. Maria alipolia, nilimwona Noela midomo inamcheza.

Lakini ukatekista wenyewe ulikuwa na mwaka mmoja tu, na sifa zilikuwa zimenilevya. Nilisimama nikafundisha vizuri sana, Mungu anisamehe. Nikasema uchungu wa kuzaa uliletwa na dhambi ya Hawa, na Maria hakuwa na doa, kwa hiyo alijifungua bila maumivu.

Noela akauliza polepole, "Hakuumia hata kidogo?"

"Hata kidogo," nikajibu, nikifurahi kwamba leo ameongea mbele za watu.

"Basi hanijui."

Akanyanyuka, akaingia chumbani. Filamu sikuiwasha tena.

Tangu siku ile Noela hakusali. Jumapili alinipigia pasi shati, akanifungulia mlango, akabaki. Nilikuwa nimemnyang'anya mtu pekee aliyekuwa akimsikiliza, na sikujua namna ya kumrudishia.

Kwaresima ilipofika, Ijumaa moja nikiongoza Njia ya Msalaba, tulifika kituo cha kumi na tatu: Yesu anashushwa msalabani, mama yake anampokea mapajani. Maneno hayo nimeyasoma tangu utotoni. Siku hiyo nilikomea katikati. Filamu ile ilikuwa inaelekea hapo hapo, mimi nikaizima. Nikamwachia Benjamin kitabu, nikatoka mbio hadi nyumbani.

Noela alikuwa uani anachambua mchele. Nikamwambia, nikihema, kwamba Mama Maria naye alimpakata mwanawe amekufa, naye alizika.

"Najua," alisema bila kuinua macho. "Nilifundishwa tangu mdogo."

"Sasa mbona siku ile hukusema?"

Alitoa chuya moja, akaitupa.

"Nilikaa kule chumbani nakusubiri uje uniambie wewe. Nikakusikia unawamiminia watu chai."