Katani ya Mama Theopista

Fundi Thadeus aliijua kazi yake ya bomba, na ubaya ni kwamba alijua kuwa anaijua.

Mwaka ule wa sabini na nne wanakijiji wa Mwika walikuwa wamechimba mtaro kwa kujitolea, miezi minne mizima, ili maji yafike uwanja wa shule. Koki ingefunguliwa Jumamosi. Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa Mama Theopista, msokota kamba, mama yake Valeria. Na posa ya Thadeus kwa Valeria ilikuwa bado haijajibiwa.

Mama Theopista alimshauri mapema: "Mwanangu, kwenye meno ya bomba zungushia katani, upake na rangi ya mafuta."

Thadeus akacheka mbele za watu. "Mama, wewe sokota kamba za mbuzi, bomba niachie mimi."

Utepe wa kuzibia ulikuwa umeadimika Moshi nzima. Gurdev wa duka la vyuma naye alimwambia katani na rangi, lakini kiburi hakina masikio. Thadeus alinunua rangi tu, akazungushia nyuzi za mgomba, kwa kuwa ni laini na zimejaa shambani. Ijumaa asubuhi alipojaribu maji, kiungo cha koki kilimrushia usoni. Alipokifungua, nyuzi zilikuwa zimelainika kama ndizi za mtori. Kesho yake maji yangemwaibisha mbele ya kijiji kizima, na Valeria angemponyoka.

Akakata jani la isale, ishara ya msamaha Uchagani, akaenda kwa Mama Theopista kuomba radhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kumevuja?"

Thadeus akainua isale kwa mikono miwili. Mama alitamani sana kuendelea kununa, lakini mwenye isale harudishwi. Akalipokea, akachukua fungu la katani iliyochanwa, wakafuatana hadi kwenye koki.

"Unazungusha kinyume!" akamchapa mkono. "Fuata upande unaokazia, la sivyo spana itaifumua yote."

Thadeus akaanza upya, akapaka rangi, akakaza. Wakaiacha ishike hadi kesho yake.

Jumamosi maji yalipofunguliwa kule juu kwenye chanzo, Mama Theopista alitandika lile isale chini ya kiungo, koki ikiwa imefungwa. Watu wakaimba nyimbo tatu. Thadeus hakuimba hata moja. Kisha mama akaliokota jani, akaligeuza huku na huku, akalipitisha shavuni.

"Kavu," akasema. "Thadeus, mwambie baba yako aje na pombe ya mbege, tumalize posa."

Valeria ndiye aliyefungua koki.