Matanga Yasiyoanuliwa

Jana usiku niliota matanga ya baba yetu hayajaanuliwa, na huu ni mwaka wa sita.

Waliokuja kuhani wako palepale mkekani. Wengine wamestaafia hapo. Kwetu Pangani huulizi habari za mirathi wakati mkeka wa msiba umetandikwa, na kaka yangu Mwinjuma, msimamizi wa mirathi, analijua hilo kuliko sote. Ndiyo maana haukunji.

"Kaka," nasema, "chumba changu kwenye nyumba ya baba kiko wapi? Nataka nihamie na wanangu."

"Mwanahamisi! Watu wana msiba, wewe unauliza vyumba? Huna haya?"

Anapakua pilau. Natazama sahani. Ni dirisha la sebuleni, limekatwakatwa, lina iliki.

"Jana tulikula paa," ananiambia jirani yetu Bi Mwanatumu, anatafuna. "Chumvi ilizidi kidogo."

"Na shamba la minazi?"

"Lile mbona tulilimaliza zamani!"

Pembeni ameketi baba, kavaa kanzu ya Idi.

"Baba, si umekufa?"

"Najua. Nimekuja kuhani."

"Humuulizi mwanao mali yako?"

"Nitaulizaje, mwanangu, na matanga hayajaanuliwa?"

Sasa tuko mahakamani, na mkeka wetu, na sahani zetu. Hakimu ni birika la kahawa.

"Msimamizi, umefikia wapi?"

"Mheshimiwa, bado tunalia."

"Lieni."

Wote wanalia, midomo imejaa dirisha. Birika linaahirisha shauri mpaka machozi yakauke.

Hapo nikapandwa na hasira. Mimi sisahau. Siku ya maziko sisi tulikuwa tunalia, Mwinjuma alikuwa nyuma ya nyumba anapima kiwanja kwa hatua.

"Mama," mkeka unaniambia, "mgongo unaniuma. Mnangoja ruhusa ya nani?"

"Ya msimamizi."

"Nani kakwambia? Mimi hukunjwa na yeyote mwenye mikono."

Nikashika ncha, nikaanza kukunja. Watu wanabiringika mmoja mmoja, wanasema, "Haya, poleni," wanakwenda zao. Baba anatafuta viatu vyake. "Ahsante, mwanangu. Nimechelewa mno."

Kaka hashuki. Amekumbatia sahani.

"Mdogo wangu, ngoja! Umebaki mlango tu!"

Nikamkunja pamoja na mkeka.

Nikaamka. Kumekucha, mtu anabisha hodi kwenye chumba changu cha kupanga. Ni Mwinjuma, ambaye tangu tumzike baba hajawahi kukanyaga kwangu. Shavu lake lote la kulia lina alama za ukili wa mkeka, mistari imepishana, mibichi kabisa. Usoni haniangalii.

"Waite ndugu zetu wengine," akasema. "Leo nitaeleza kila kitu."

Nikampa kiti. Nikamkaribisha chai na mihogo.

"Ahsante, nimeshiba."

"Najua," nikamwambia. "Kaa hapo mpaka waje."