Mstari wa Pima Tena

Kaka yangu alikuwa seremala, na watu walimwita Pima Tena kwa sababu hakuwahi kukata ubao bila kuupima mara ya pili. Alipochaguliwa mwenyekiti wa benki yetu ya ushirika aliingia na tabia hiyo hiyo. Ukiomba mkopo, anaupima. Ukirudi, anaupima tena. Ukija kuupata, ile shida iliyokupeleka imeshaota mvi. Vijana walinung'unika. Sisi wazee tulimpenda, maana benki za wenzetu zilikuwa zimeanguka, na yetu ilikuwa bado inatembea, polepole lakini kwa miguu yake.

Muhula wake ulipokwisha, aliyejitokeza kumpinga alikuwa mwanangu. Ndiyo, wa kumzaa. Baba yake alipokufa, mjomba wake ndiye aliyemchukua, akamfundisha kushika randa, akampa nafasi yake ndani ya karakana. Basi siku ya uchaguzi nilikuwa na kaka huku, mwana kule, na tumbo langu katikati.

Ushirika wetu hautumbukizi karatasi za kura. Wagombea husimama kwenye ua wa benki, na kila mwanachama huenda kusimama nyuma ya anayemtaka, macho ya watu yakiona. Mwanangu alinitazama. Nilimpa tabasamu lile nililokuwa nikimpa wakati wa kumwachisha ziwa, kisha nikaenda kujipanga nyuma ya kaka. Jua lilikuwa kali, na hesabu ikachelewa kwa sababu msimamizi alikuwa anatafuta miwani iliyokuwa juu ya kichwa chake. Sisi mabibi wa mstari wa Pima Tena tukashuka chini mmoja mmoja, kama mikate iliyokosa hamira. Tukahesabiwa hivyo hivyo. Kaka akashinda kwa vichwa vichache, vichache kuliko makalio yaliyokuwa chini.

Mwanangu akaenda mahakamani. Alisema kanuni inataka mwanachama asimame nyuma ya mgombea, na waliokaa hawakupiga kura. Wakili wake akamkataza kuzungumza na mjomba wake mpaka hukumu itoke, eti neno moja laweza kuharibu kesi. Akahamishia meza yake ya kazi barazani kwangu. Asubuhi ananichemshia chai, mchana ananishtaki.

Siku yangu ya ushahidi, wakili huyo aliniuliza, “Bibi, ulisimama au ulikaa?”

“Moyo ulisimama, mwanangu. Makalio ndiyo yaliyokaa, nayo si wanachama.”

Hata jaji alijifuta mdomo ambao haukuwa na kitu. Mwanangu peke yake hakucheka. Zamani angecheka, tena kwa kicheko cha mjomba wake.

Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Kaka akaanza kukohoa. Lile vumbi la mbao alilolimeza maisha yake yote lilikuwa limemrudia. Alipokuwa hawezi tena kuinuka kitandani aliniomba nimwite mwanangu. Hataki habari za kesi, alisema, anataka kumwona tu. Nikafikisha ujumbe. Mwanangu akavaa shati, akafunga vifungo vyote, akafika mlangoni, akampigia wakili simu. Alipomaliza kusikiliza alivifungua vile vifungo kimoja kimoja.

“Hukumu ni wiki ijayo, mama. Nikitoka mahakamani nakwenda kwake moja kwa moja.”

“Mauti hayaombi kuahirishwa, baba.”

Akasema nimpelekee salamu. Nikazipeleka. Kaka akauliza atakuja lini. Nikamwambia wiki ijayo.

“Anapima tena,” akasema. “Nilimfundisha mwenyewe.”

Hakuifikia hiyo wiki.

Mwanangu alishinda kesi. Jaji alisema anayekaa hahesabiwi, uchaguzi urudiwe, na kama wakili wa mwanangu alivyoomba, yeyote atakayetoka mstarini kabla hesabu haijafungwa, awe mwanachama au mgombea, amejitoa. Mwanangu akatoka mahakamani akaenda kwa mjomba wake moja kwa moja, kama alivyoahidi. Ila njia sasa ilikuwa ya makaburini.

Katika uchaguzi wa pili mwanangu hakuwa na mpinzani. Mstari wake ulijaa upande wake wa ua, ukajikunja ukutani. Mimi nikaenda pale pale nilipokuwa nimekaa mara ya kwanza, nikasimama nyuma ya hewa. Msimamizi, safari hii miwani iko puani, akaniambia kwa upole kwamba upande ule hauna mgombea. Nikamjibu najua, lakini miguu ya kizee ikizoea mahali haifundishiki.

Watu wakacheka kidogo. Mwanangu akageuka akaniona. Niliona kisigino chake kikinyanyuka. Nikaona pia alipoikumbuka hukumu yake mwenyewe, kisigino kikarudi chini. Akabaki mbele ya watu wote machozi yakimtoka, hata kuyafuta hayafuti.

Hesabu ilikwenda taratibu. Jua likawa kali kama siku ile. Mwanangu akamnong'oneza mlinzi, na mlinzi akanijia mbio na kiti.

“Mwenyekiti anasema ukae, bibi.”

“Mwambie nimeshukuru,” nikasema. “Lakini anayekaa hahesabiwi.”

Akakosa pa kukiweka kile kiti, akakikumbatia. Nami nikasimama mpaka msimamizi alipomaliza kule, akavuka ua mtupu, akanigusa bega, akasema, “Moja.”