Lebo Kifuani mwa Kitufe

Usiku wa jana niliota nimeketi ndani ya ukurasa wa mjukuu wangu Tunu, ule anaoutengeneza kwenye kompyuta ili wazee wa wilaya yetu waombe miwani ya bure. Ulikuwa ufunguliwe asubuhi saa mbili, na kitufe cha kutuma maombi kilikuwa hakibonyezeki. Tunu alikuwa amelala bila kula kwa ajili yake.

Kisanduku cha majina kikanisalimu, "Shikamoo, jina la mzee."

Nikaitikia marahaba, nikakiambia mimi naitwa Mize. Kikaomba radhi, kikasema chenyewe hutamka maneno kama kilivyoandikiwa. Mabano mawili yaliyopinda kama viuno yakaja, yakayakumbatia maneno yale "jina la mzee", moja kila upande, yakageuka nafasi ya kutia jina lenyewe.

"Shikamoo, Bi Mize," kikasema kisanduku, kwa haya kidogo. Mabano hayakungoja shukrani.

Sasa ukurasa ni chumba cha kushonea, nami nimekaa mkekani. Kitufe kiko mbele yangu, cha kijani, kimejikunyata. Kifuani kimeshonewa lebo: KIMEFUNGWA: HAPANA.

Nakiambia mbona hapo pameandikwa hapana, basi kifunguke.

"Bibi, huku hawasomi lebo," kinasema. "Ukishavaa lebo ya kufungwa, umefungwa. Hata iandikwe hapana. Hata iandikwe tafadhali."

Nauliza nani kaishona. Kinajibu ni Tunu, na papo hapo kinamtetea: alitaka ijulikane wazi kwamba hakijafungwa, akaona aandike kabisa. Wengi wenye adabu hukosea hivyo.

Nauliza dawa yake. Kinanieleza kwamba lebo haitakiwi kushonwa, inatakiwa kishikizo. Mzee akiwa hajajaza jina, ivaliwe. Akishajaza, ivuliwe yote, pasibaki hata uzi.

Naanza kufumua kwa kupapasa, maana uzi siuoni. Kitufe kinabana pumzi kisinitikise. Nikikichoma kwa bahati mbaya, nakipa pole, nacho kinasema hakijasikia kitu. Najua kimesikia.

Lebo inatoka. Natia kishikizo, ila lebo siirudishi, maana jina langu limeshajazwa. Chumba kimekuwa uwanja wa shule, mkeka umebaki, na kitufe kinajinyoosha taratibu kama mtoto aliyetoka kuugua.

"Nibonyeze polepole, Bibi," kinasema. "Sijawahi."

Nakibonyeza.

Nilipoamka, Tunu alikuwa mbele ya kompyuta, hata uso hajanawa. Alisema kitufe kinafanya kazi na yeye hakumbuki kukigusa. Nikamwambia kwanza anywe uji.

Akaleta kikombe chake karibu yangu, akanisomea, kwa kuwa herufi zile ni ndogo mno kwangu. Ombi moja lilikuwa limeshaingia alfajiri. Jina: Bi Mize. Sababu ya kuomba miwani: anafumua mishono kwa kupapasa, lakini mkono wake ni mwepesi.