Misumari ya Delmer

Haya ni kweli tupu, sijatia chumvi hata punje: Verlin Stroud alichimba mashimo mia mbili kwa siku moja kwenye malisho ya jirani yake, Delmer Pruett, akitafuta bunduki.

Bunduki kumi na moja za Delmer alikwishazichukua wiki walipomzika Arlette, mke wa Delmer, kwa kuhofia majonzi yatamzidi mwenzake. Delmer alimkabidhi moja moja. Lakini ilikuwapo ya kumi na mbili. Mwaka ule jimbo letu la Kolorado lilipoanza kutunga sheria za bunduki, Delmer, kama wengi huku mashambani, aliipaka mafuta, akaitia ndani ya bomba la plastiki na kuifukia. Kisha akamwaga misumari malisho mazima, ili watu wa serikali wakija na mashine za kutafuta chuma wakome. Aliyembebea ndoo za misumari ni Verlin, huku akicheka. Mahali penyewe hakuonyeshwa.

Siku moja kabla ya uchimbaji, Delmer alimletea Verlin mbwa wake. "Kaa naye tu," alisema. Mtu hagawi mbwa wake hivi hivi.

Kesho yake Verlin aliingia malishoni na mashine kama zile za serikali, nayo ikalia. Verlin akachimba: msumari. Ikalia tena. Msumari. Viganja vilichubuka, sepetu ikawa na damu.

Delmer alikuwa amekaa kibarazani, mikono mifukoni. "We mzee, siku hizi serikali inakulipa?"

"Niambie iko wapi!"

"Si tuliapa wote wawili kwenye mkutano wa kupinga sheria zile? Anayeitaka bunduki yangu aje aitoe mwenyewe. Haya, toa!"

"Nilikuwa nawasema wao, mjinga wee! Sikukusema wewe!"

Ipo sheria ya jaji kumtuma sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya, achukue silaha za mtu aliyekata tamaa, asije akajiua. Verlin alizunguka nyumba kwa nyumba kukusanya sahihi za kuipinga. Sasa jua lilikuwa limeinama, na malisho bado makubwa kama bahari. Akatoa simu.

"Unawaita wao?" Delmer alisimama. "Wewe, Verlin?"

"Nawaita! Akija shetani na sepetu yake, nitampokea!" Akamwambia sherifu jina la rafiki yake, na jambo analoliogopa.

Delmer akashuka ngazi polepole, akatoa mikono mifukoni. Ilikuwa na malengelenge, kucha zimejaa udongo.

"Hata mimi siioni," alisema. "Naitafuta tangu juzi."

Verlin akamkumbatia kwa nguvu, kama mtu anayezuia mlango usifunguke, na hakumwachia mpaka gari la sherifu likafika. Delmer aliingia mwenyewe, akapelekwa hospitali. Bunduki ingali ardhini, na Verlin angali anachimba kila asubuhi.

Nilikuwa nikiisimulia hii mkahawani Verlin akanidaka: "Mia mbili? Yalikuwa arobaini na moja, mwongo mkubwa! Mimi ndiye niliyeyachimba." Meza nzima ikanigeukia. Kwetu anayenaswa na uongo ndiye hulipa, basi pai za leo nimenunua mimi, pamoja na kipande cha Delmer, ambaye amerudi kutoka hospitali lakini bado hali chakula vizuri.