Nina Jambo

Katika nchi ya Mfalme Kifaru, salamu ilikuwa na sheria: mtumishi akiulizwa "Hujambo?" ajibu "Sijambo." Jibu jingine halikuandikwa. Kwa hiyo Mfalme, ambaye macho yake hayakufika mbali, aliamini kwamba raia wake wote ni wazima.

Njia alionyeshwa na Shashi, ndege aliyeshinda mgongoni mwake akimtoa kupe na kumtajia mashimo. Msimu mmoja wa masika, mafuriko yalichukua kiota cha Shashi na makinda wake wawili. Kesho yake alikuwa kazini. Lakini tangu hapo hakula vizuri, na mara nyingine alikaa tu, akitazama kupe wakipita.

Asubuhi moja barazani Mfalme akamuuliza, "Shashi, hujambo?"

"Nina jambo, Mtukufu."

Ngiri, mwandishi wa sheria, alitafuta kifungu, akakikosa.

"Umevunjika bawa?" Mfalme akauliza.

"Hapana. Ni moyo. Naomba siku chache za kupumzika, na mtu wa kunisikiliza."

Waziri Fisi akainuka. "Mtukufu, tukiruhusu mioyo iugue, nani atabaki kazini? Dawa ya huzuni ni kicheko. Mimi mwenyewe ni ushahidi."

Ikatangazwa Wiki ya Furaha. Kila asubuhi watumishi walijipanga wakacheka mara tatu. Punda, aliyecheka huku machozi yakimtoka, alipewa onyo kwa kulowesha uwanja. Tena ikapigwa marufuku kumpa Mfalme habari mbaya.

Siku ya kilele Mfalme aliongoza maandamano. "Mbele kukoje, Shashi?"

Shashi aliliona tope. Fisi akamkazia macho.

"Kuzuri, Mtukufu."

Mfalme akazama hadi mabegani. Fisi aliangua kicheko, safari hii cha kweli, kisha akakumbuka ana safari ya mbali.

Wakati Punda na wenzake wakitafuta kamba, Shashi alitua karibu na sikio la Mfalme.

"Naogopa," Mfalme alinong'ona. "Naogopa kuanguka tangu siku niliyotawazwa."

"Sema, Mtukufu. Nakusikia."

Akasema mpaka jua likapita utosini. Alipovutwa nje, yeye ndiye aliyeomba kumsikiliza Shashi, na habari za makinda wale akazisikia zote. Kisha akampa likizo ya msimu mzima.

Sasa Mfalme anatembea polepole, akipapasa ardhi kwa pembe. Ndege wengi wamejitolea kukaa mgongoni mwake. Huwajibu kwa upole, "Pana mwenyewe. Anapumzika."